Mapenzi Gani Haya

Wewe, mtoto wako akiwa amelala hivyo hasikii hajibu, ungeomba nini? Nakuuliza kwa sababu mimi nilishindwa.

Seline, binti yangu, alikuwa kwa wodi ya wanawake pale hospitali ya misheni, Plateau. Alikuwa amerudi Eldoret kutoka matanga huko Siaya akiwa na homa, na malaria ikampanda kichwani. Nilimpaka mafuta kwa midomo, nikamkata kucha, nikamkunjia leso yake ya maua ya zambarau chini ya shingo. Macho hayakufunguka. Daktari alisema dawa imeshaingia, sasa ni kungoja tu.

Mtoto wake, Lynette, alikaa upande wa pili wa kitanda. Huyo anasoma falsafa chuoni. Tangu tutoke nyumbani Yamumbi hakuwa ametoa chozi.

"Dani," akaniambia, maana ndivyo wajukuu wangu huniita, "kuna wazee wa zamani huko Ugiriki walifundisha kwamba yasiyo mikononi mwako usiyalilie. Yakubali. Hata yapende."

"Niyapende haya?"

"Hapo ndipo kuna amani."

"Na hiyo amani yako mbona inatafuna kucha?"

Akaficha vidole chini ya mapaja.

Nikasema tupige magoti. Nikaomba vile huomba siku zote: "Baba, mapenzi yako yatimizwe." Basi. Sijui mengine.

Lynette hakusema amina.

"Mapenzi gani, Dani? Ni kutaka ama ni kupenda? Kwa Kiswahili ni neno moja. Kama ni kutaka tu, wewe na wale wazee wangu mnasema kitu kimoja, litakalokuwa na liwe. Tunaomba ya nini?"

"Usiniletee mambo ya darasani mbele ya mama yako."

"Si ya darasani! Kila nikimwangalia najiambia kubali, kubali. Imenishinda. Nilidhani wewe na Mungu wako mtanipa kitu kingine, na wewe pia unaniambia nikubali."

Shule niliacha darasa la saba, lakini Biblia naisoma. Nikamkumbuka Yesu kule bustanini. Kabla hajayataja mapenzi ya Babake, aliomba kwanza aondolewe yale mateso, jasho likimtoka. Mimi sehemu hiyo nilikuwa nairuka kila siku, nakimbilia yale maneno ya adabu. Kwa sababu nikiomba kabisa halafu ninyimwe, nitabaki na Mungu gani?

Pumzi ya Seline ikakwaruza, ikanyamaza, ikarudi. Nikamshika mguu juu ya blanketi. Ulikuwa baridi.

"Baba," nikasema, na sauti ikatoka kubwa mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka, "sitaki afe. Kama kweli unanipenda, sitaki. Niachie Seline wangu."