Mzinga wa Watu Wawili

Katika karakana ile ya kuchomelea vyuma, ndugu wawili walikuwa wamenuniana mpaka mashine ya kukatia chuma, grinda yenyewe, ikawa inanguruma kwa adabu. Hawakutukanana, hawakupigana, hata mlango hawakubamiza. Walinyamaziana tu. Na kununa kwa namna hiyo, kama hujawahi kukaa nako chumba kimoja, usiombe.

Chanzo kilikuwa geti. Kaka mkubwa alipima. Mdogo wake, ambaye watu wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikata vyuma. Siku ya kulifunga, geti likaning'inia juu ya ardhi kiasi kwamba mbwa wa mwenye nyumba alipita chini yake bila hata kuinamisha kichwa. Kaka akasema aliyekata amekosea. Kitinda akasema aliyepima amekosea. Mwenye nyumba akasema yeye hataki kesi, anataka geti. Wakatengeneza jingine, likakaa sawasawa, mteja akaridhika, mbwa akakosa njia. Ndugu wale wakabaki wamenuniana pale pale.

Katikati yao alikuwa dada yao, mpaka rangi wa karakana, aliyejulikana mtaa mzima kama Dada Brashi. Alikuwa wa kati kwa kuzaliwa na wa kati kwa kila shughuli. Tangu siku ya geti, miezi kadhaa sasa, kazi ya rangi ilikuwa ya ziada. Kazi yake hasa ilikuwa kubeba maneno.

"Mwambie mdogo wako anipe grinda," Kaka angesema, na Kitinda yuko pale pale, kiasi cha kuguswa kwa mkono.

"Mwambie kaka yako iko mbele ya pua yake," Kitinda angejibu, utadhani huyo kaka ni wa Dada Brashi peke yake, yeye kamwokota njiani.

Dada Brashi angemgeukia Kaka na kusema, "Anasema hii hapa, Kaka, samahani kwa kukuchelewesha."

Alikuwa na kipaji hicho. Neno likiingia kwake na miiba, linatoka limemenywa, tayari kuliwa. Mama yao alimsifu, wateja walimsifu, na yeye mwenyewe, tusidanganyane, alijisifu kidogo. Bila mimi, aliwaza, hawa wangekuwa wameshatoana macho.

Kisha Jumatano moja, Dada Brashi akikoroga rangi ya kuzuia kutu, Kitinda alikuja akasimama karibu yake na kusema, bila kumtazama, kwamba amepata kazi katika karakana nyingine upande wa pili wa mji. Anaanza Jumatatu.

"Kaka umemwambia?"

"Si wewe ndiye unayemwambiaga."

Akaenda kumwambia. Kaka alisikiliza, akashusha kinyago chake cha kuchomelea, akawasha mashine, na kwa muda mrefu akachomelea chuma ambacho kilikuwa kimeshachomelewa tangu asubuhi. Alipoinua kinyago, alisema, "Mwambie namtakia kila la heri."

Dada Brashi alilibeba neno hilo mpaka kwa Kitinda, na kwa mara ya kwanza hakupata cha kumenya. Kitinda alilipokea, akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufagia vipande vya chuma. Karakana ile waliachiwa watatu na baba yao, na Dada Brashi hakuijua ikiwa ya wawili. Aliogopa, basi. Watu wakitengana kwa kelele hurudiana. Wanaotengana kwa heri zote huishia kutumiana salamu za sikukuu.

Palibaki mahali pamoja tu ambapo ndugu wale walikuwa bado upande mmoja, napo ni kwenye simu. Wote watatu walicheza mchezo wa mtandaoni uitwao Linda Boma, ambamo siafu wakubwa kama matrekta hulivamia boma na watu wa kikosi kimoja hulilinda pamoja. Kikosi chao kiliongozwa na daktari wa meno, mtu mpole aliyekuwa akiamuru mashambulizi kwa sauti ile ile ya kumwambia mgonjwa apanue kinywa.

Uzuri wa mchezo huo, na ubaya wake pia, ni kwamba hakuna anayemiliki silaha kubwa. Chuma na baruti mnayookota wiki nzima huingia katika ghala moja, na kila Alhamisi kikosi hupiga kura ghala litengeneze nini. Kikishinda kitu, ni chenu nyote. Kikipotea, mmepoteza nyote. Kwa hiyo kampeni hazikosi, na fitina hazikosi. Ndiyo maana kikosi kile kilijiwekea desturi yake: aliyeipigia debe silaha haigusi. Daktari wa meno alisema desturi hiyo imepunguza wanasiasa kwa nusu.

Alhamisi hiyo, vitu viwili vilikuwa mbele ya wapiga kura. Kimoja ni bunduki za barafu, za bei nafuu kwa ghala, moja kwa kila mtu. Cha pili ni mzinga wa watu wawili, ambao ungemeza karibu chuma chote. Katika mzinga huo, mmoja hulisha makombora na kuugeuza mzinga kwa nyuma, na mwingine hulenga na kufyatua kwa mbele. Mlishaji haoni adui. Mlengaji haoni kama kombora limeingia. Akifyatua kabla halijakaa, mzinga unakwama na baruti inakwenda na upepo. Hauendeshwi ila kwa kuambiana.

Dada Brashi alisoma maelezo hayo akiwa amesimama jikoni, akayarudia, akakaa chini.

Mwanamke ambaye hajawahi kupiga debe maishani alilipiga siku hiyo mpaka likatoboka. Kwa mwalimu wa hesabu, mmoja wa kikosi, aliandika kwamba mzinga ndio silaha ya watu wenye akili. Kwa mwoka mikate, naye wa kikosi hicho, aliandika kwamba barafu ni ya watu wasiojua moto. Wengine aliwabembeleza tu. Daktari wa meno, aliyekuwa upande wa barafu, alimwuliza kikosini mbele ya wote, "Brashi, leo umepatwa na nini?" Akajibu kwamba ameipenda rangi yake.

Mzinga ukapita kwa kura moja.

"Haya, wewe huugusi," alisema daktari wa meno. "Nani ataushika?"

"Ndugu zangu," akasema Dada Brashi, kabla mwingine hajavuta pumzi. "Moto na chuma ndiyo kazi yao."

Kukataa mbele ya kikosi kizima ni aibu. Kaka aliandika "Sawa." Kitinda aliandika "Sawa," chini yake. Hakuna aliyemtaja mwenzake.

Jumamosi walifunga karakana adhuhuri, kama kawaida yao, wakakaa humo humo kucheza, maana nyumbani watoto wa Kaka hawampi mtu nafasi. Kaka alikalia ndoo aliyoipindua karibu na mashine. Kitinda alikaa juu ya rundo la mabomba karibu na mlango. Dada Brashi alikaa kwenye benchi katikati, kati ya makopo ya rangi. Jumatatu ilikuwa keshokutwa.

Kaka alishika kulisha, Kitinda akashika kulenga, na siafu walipotokea, Dada Brashi aliona haraka sana kwamba hesabu yake ilikuwa na tundu.

"Mwambie limeingia," alisema Kaka.

"Kitinda, limeingia," alisema Dada Brashi.

"Mwambie anyanyue kidogo, mdomo umeinama," alisema Kitinda.

"Kaka, anaomba tafadhali unyanyue kidogo."

Mpaka tafadhali hiyo imefika, siafu wa mbele alikuwa ameshakula mnara. Kitinda alifyatua kwa kubahatisha, mzinga ukakwama, baruti ya wiki nzima ikageuka moshi. Kikosi kikaguna. Mwoka mikate akauliza ni nani aliyeuchagua mzinga huu, kana kwamba hakujua. Daktari wa meno akasema, "Tulieni, jamani, haitauma sana," lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona jino la nyuma.

Dada Brashi alikuwa akikimbia huku na huku, akipiga risasi kwa mkono mmoja na kupokea ujumbe kwa mwingine, akimenya, akilainisha, akiongeza samahani zisizosemwa na mtu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Wahenga hawakuwahi kukutana na siafu wa ukubwa ule. Aligeuka kumfikishia Kitinda neno, na siafu akamla mzimamzima.

Katika Linda Boma, ukifa sauti yako hukatwa mpaka vita viishe. Kikosi hakikumsikia tena. Lakini pale karakanani alikuwa hai, na ndugu zake wote wawili walikuwa wameinua macho wanamtazama.

"Mwambie limeingia," alisema Kaka.

Mdomo ulishafunguka. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, limeshamenywa, limeshaongezewa sukari. Hapo ndipo wazo lilipomjia, likamchoma kweli. Miezi yote hiyo alijiona daraja. Lakini watu hawa hawakuwa na mto wowote kati yao. Walikaa ndani ya kuta nne hizi hizi, kila mmoja akisubiri mwenzake ashindwe kunyamaza, na hakuna aliyeshindwa, kwa sababu yeye alikuwepo. Aliwarahisishia. Alimpelekea mdogo wake ile kila la heri kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimekufa," alisema, akaiweka simu mapajani, uso chini.

"Umekufa huko," alisema Kitinda. "Hapa si uko mzima?"

"Marehemu hatumwi," alisema Dada Brashi, akafumba macho.

Kwenye simu zao, ukuta wa boma ulianza kupasuka. Mtu wa kikosi aliita, "Mzinga, mko wapi?" Dada Brashi aling'ata mdomo wake kwa ndani. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kufanya pale karakanani kuliko hiyo ya kutosema kitu.

"Limeingia," alisema Kaka. Aliyaambia mabati ya paa, lakini alisema.

Mzinga ukalia. Siafu wa mbele akapasuka vipande.

"Limeingia."

"Nyanyua."

"Kiasi gani?"

"Wewe nyanyua, nikikwambia basi, acha. Basi."

Ukalia tena. Wakashika mwendo, limeingia, basi, limeingia, kushoto. Mikono yao iliyochomelea pamoja miaka yote ilijua mwendo huo kabla wao wenyewe hawajakubali. Na kwa vile maneno sasa yalikwenda moja kwa moja, yalikwenda na miiba yake yote.

"Unachelewa, Kaka."

"Wewe una haraka. Ndivyo ulivyokata lile geti."

"Nilikata ulichopima. Ulipima huku unaongea na simu."

"Na wewe ulikuwa unapiga mluzi."

"Mluzi haukati chuma. Kulia, kulia!"

"Limeingia. Piga basi, umelala?"

Dada Brashi alifumbua jicho moja. Walikuwa wameinamia simu, mishipa ya shingo imewatoka, wanagombana kama watu wazima wenye afya zao. Kikosi kizima kilikuwa kinasikia. Mwoka mikate aliuliza geti gani hilo, na mwalimu wa hesabu akamwambia anyamaze, mambo yamenoga.

Boma likasimama. Siafu wa mwisho aliangukia mlangoni, na katika ghala la pamoja haikubaki hata punje ya baruti. Wiki ijayo kikosi kingepigana kwa mawe. Watu walishangilia hata hivyo.

Karakanani hakuna aliyeshangilia. Ndugu wale walikuwa wanahema. Kaka alijifuta jasho kwa mgongo wa kiganja, akaitazama sakafu.

"Huko unakokwenda," alisema, "mashine zao zinazizidi zetu?"

"Hapana. Ni kama hizi hizi."

"Sasa unafuata nini?"

Kitinda aliiweka simu kando. "Mama aliniambia nibaki. Dada aliniambia nibaki. Wewe ulinitakia kila la heri."

Kaka alifungua mdomo, na jicho lake likamkimbilia Dada Brashi. Mazoea hayo. Sasa hivi alikuwa ameshafufuka, vita vimekwisha, sauti yake imerudi, angeweza kumsaidia. Alijua hasa neno gani lingefaa. Hakulitoa.

"Usiende," Kaka akasema. "Sitaki uende. Nilikuwa naona nikikuomba utakataa, na ukikataa nitaiweka wapi sura yangu. Karakana bila wewe siiwezi, na hata nikiiweza, siitaki."

Kitinda naye akamtazama dada yake, akisubiri kuletewa neno hilo. Hakuletewa. Ilibidi alichukue mwenyewe kutoka kwa mwenye nalo.

"Nitabaki," alisema. "Nitawapigia simu leo. Lakini geti ulipima vibaya."

"Ulikata vibaya."

"Ulipima vibaya, Kaka, mbwa mwenyewe shahidi."

"Lete kipimo tukapime tena sasa hivi, twende kwa mwenye nyumba."

"Jamani," ilisikika sauti ya daktari wa meno, taratibu, kutoka ndani ya simu zote tatu, "bado mko hewani. Lakini endeleeni tu."

Wakaendelea, uso kwa uso, wakinyoosheana vidole, na hakuna aliyemtuma mtu kwa mtu. Dada Brashi alikaa kwenye benchi lake kati ya makopo ya rangi, machozi yakimtiririka kwa furaha na mikono yake haina la kufanya, na wala hakuwaambia wapunguze sauti.