Dodoso la Mama

Mwalimu alikuwa ameambiwa na msimamizi wake wa shahada ya uzamili kwamba dodoso halipelekwi kwa wazazi kabla halijajaribiwa. Basi akaanza na mama yake mzazi, jikoni, yeye akisoma sentensi na mama akichambua mboga.

"Nilikagua madaftari ya mtoto wangu kila siku," alisoma. "Unakubali au unakataa?"

"Nakubali sana."

"Sikuwa na nafasi ya kukagua madaftari."

"Na hiyo nakubali sana."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Sentensi kumi na tano, na mama yake kazikubali zote, hata zile zinazopigana zenyewe kwa zenyewe.

"Mama, huwezi kukubali kila kitu. Utaniharibia utafiti."

"Nikikataa si utafeli?" mama alisema, bila hata kutabasamu. "Mimi nikufelishe kwa mdomo wangu mwenyewe?"

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akakunja karatasi zake. Ndipo mama alipoongea bila kuulizwa.

"Kusoma sikujua, ila madaftari nilikuwa nafungua. Naangalia wino mwekundu tu. Siku ukiwa mwingi, sikutumi maji."

Siku hizo mwalimu alizikumbuka vizuri: anarudi kutoka shule roho mkononi, daftari kalificha chini kabisa ya mkoba, halafu anakuta ndoo zote zimeshajaa.

Miaka yote hiyo alidhani ni bahati yake.