Pliz ya Mwisho

Tamthilia ile ya Kiingereza niliitafsiri kwa Kifini mimi mwenyewe, na hakuna mtu aliyenifundisha kazi hiyo. Mke aliyemo ndani yake anasema pliz kila ukurasa, na sisi Wafini neno hilo hatuna. Alipoomba chumvi, nililiacha nikalainisha swali. Alipomgombeza mtoto, niliandika "wewe, hebu." Alipokubali chai, niliandika "asante." Iliyonishinda ni ile ya mwisho: mume yuko mlangoni na sanduku, anamwacha, na mke anasema pliz tu, hana zaidi. Niliandika "nakusihi."

Raija, mwongozaji wa kikundi chetu cha maigizo kijijini, aliniambia waziwazi kwamba sehemu hiyo ikikwama tena kwenye mazoezi ya jioni ile, tafsiri nzima atampa mwalimu wa Kiingereza wa mjini.

Tukajaribu. Helvi, anayeigiza mke, akasema "nakusihi." Oiva, mkulima anayeigiza mume, akaangua kicheko.

"Mke wangu akinisihi hivyo, namwita daktari," alisema. "Kijana, umewahi kuishi na mwanamke, au unawasoma tu vitabuni?"

Nikamjibu kwamba nguzo ya uzio ingeigiza vizuri kuliko yeye. Oiva akavua kofia ya mchezo, akaanza kuvaa buti zake. Bila yeye hakuna tamthilia, na tafsiri yangu inabaki karatasi.

Raija akatangaza kahawa. Kama kawaida yetu, hakuna aliyesogea. Wa kwanza kufika mezani huonekana mroho, kwa hiyo wote waliegemea ukuta wakiutazama mkate wa iliki. Oiva alikuwa anafunga zipu ya koti. Nilitafuta la kumwambia, mimi ninayetunga beti huku nakamua ng'ombe, nikalikosa.

Nikatangulia mezani, watu wananikodolea macho. Nikamimina kikombe kimoja, nikakata ncha ya mkate, ile anayoipenda Oiva, nikaviweka upande wa mlangoni.

"Kahawa inapoa," nilisema bila kumtazama.

Kisha nikasikia zipu ikishuka.

"Kipande chenyewe kidogo, we mshairi," alisema, akaketi.

Tuliporudi jukwaani nilikuwa nimeshaifuta "nakusihi" na kumwonyesha Helvi la kufanya. Helvi akamimina kahawa, akaisogeza hadi ukingoni mwa meza, akasema inapoa. Oiva akasimama na sanduku lake mkononi, na safari hii hakucheka. Raija akamuuliza Helvi kama anaweza kukisogeza kikombe taratibu zaidi. Habari ya mwalimu wa mjini hakuigusa tena.