Mechi ya Kwanza ya Stephano

Mzee Mansuetus wa Maguu alikuwa kipofu, na mpira aliufuata redioni. Lakini mechi ya kwanza ya mwanawe Stephano kwenye ligi kuu redio haikuitangaza, maana haki zote zilinunuliwa na televisheni moja ya kulipia. Akapanda bodaboda hadi Mbinga mjini, kwenye banda la video la Sadiki, akalipa kiingilio kama wenye macho.

"Shikamoo, mzee," alisema Sadiki akimkalisha mbele. "Leo kuna runinga mbili, moja ya ligi yetu, moja ya Ulaya. Sauti nimeweka ya mechi ya Ulaya, ndiyo yenye wateja wengi."

Mzee akakaa akisikiliza majina ya Wazungu. Dakika za mwisho banda zima likalipuka.

"Amekosa penalti! Huyu wamemtoa wapi?"

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Stephano sijui nani. Arudi kwao akalime!"

Alitaka kusema huyo ni mwanangu, lakini akainuka. Akapapasa fimbo yake, akaomba aonyeshwe mlango. Nje alisimama juani akilia, asijue bodaboda ziko upande gani.