Upande wa Nyuma wa Bendera

Uso wa Bikira ulikuwa wa kijani.

Herminia Ajhuacho aliukazia macho kwenye skrini ya mashine ya kutarizi. Mdogo wake Wilder alikuwa ameiegemea mashine hiyo.

"Dada, si rangi tu hizo? Badilisha."

"Niweke zipi? Faili linaiambia mashine pa kudunga na pa kusimama ibadilishiwe uzi. Rangi halizijui. Zilikaa kwenye programu ya zamani, nawe umeifuta pamoja na mfumo wake."

"Programu ya risiti haiukubali mfumo wa zamani! Ulitaka watu wa kodi watufungie karakana?"

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkera zaidi. Risiti zilidai mfumo endeshi mpya. Programu ya kutarizi ilifunguka kwenye ule wa zamani tu. Kompyuta ilikuwa moja. Wilder alichagua bila kuuliza.

Bendera ya chama cha ngoma ilitakiwa kubarikiwa kesho, mbele ya mji mzima wa Oruro. Mahameli ya zambarau yalikuwa kipande kimoja, na sindano ikishapita humo, tundu halifutiki. Picha ya bendera ya mwaka jana, yenye mchoro uleule, ilionyesha uzi wa juu tu, na uso ulishonwa tabaka juu ya tabaka. Hata hivyo alitunga uzi wa rangi ya ngozi, akashika kitufe.

Akakiachia bila kukibonyeza.

"Mwite Mzee Serapio. Aje na bendera yake."

Serapio, mfadhili wa ngoma wa mwaka uliopita, alifika ameikumbatia kama mtoto mgonjwa. Alipoona mkasi alirudi nyuma.

"Iliyobarikiwa haipasuliwi, mama."

"Nafumua bitana ya nyuma tu, Mzee."

"Bitana nayo imenyunyiziwa maji ya baraka!"

"Basi chagua. Nifumue bitana, au kesho mumbebe Bikira mwenye uso wa mgonjwa wa nyongo."

Wilder alicheka. Hakuna aliyemuunga mkono.

Mzee aliizungusha kofia yake mikononi. "Fumua. Mimi sitazami." Akageukia ukutani.

Herminia alikata mshono mmoja mmoja. Chini ya bitana, kila uzi uliokatwa na mashine ulikuwa umeacha mkia, na kila mkia umebanwa na uzi uliofuata. Aliinua mikia kwa ncha ya sindano, akiisoma kutoka wa juu kwenda chini. Dhahabu ilibana nyekundu. Nyekundu ilibana rangi ya ngozi. Rangi ya ngozi ilibana nyeupe, na chini ya nyeupe hapakuwa na kitu: ndiyo iliyoshonwa kwanza.

Alitazama uzi aliokuwa ameutunga. Bila nyeupe chini yake, zambarau ya mahameli ingechungulia mashavuni.

Akauchomoa, akatunga mweupe.

"Na risiti?" Wilder aliuliza kwa sauti ndogo.

"Misa ya kesho ikiisha, unanitafutia kompyuta ya pili, yenye mfumo wa zamani. Sasa kaa hapo unipe nyuzi ninazokuitisha. Nyingine usiguse."

"Tayari?" Serapio aliuliza, bado ameuelekea ukuta.

"Bado, Mzee," alisema Herminia, akabonyeza kitufe.