Anayetia Saini Anapanda

Mkuu wetu wa kikosi alipenda mabango, nasi tukamwita Bango, ingawa si mbele yake. Kabla hajamaliza mwezi wa kwanza, dira ya kikosi ilikuwa getini, dhamira ilikuwa bwaloni, na maadili yalikuwa kila mahali, hata kwenye mlango wa choo cha karakana, ambako mtu huyasoma kwa utulivu. Rangi iliyotumika ni ile ya kupaka malori. Sikulalamika. Malori yenyewe hayakuwa na haja ya rangi, yalikuwa na haja ya breki.

Mimi ndiye sajini wa karakana. Nina malori kumi na mawili, na wiki ile yaliyokuwa yakitembea na kusimama yalikuwa matano. Mengine yalitembea tu.

Dira ilisema tutakuwa kikosi cha mfano chenye utayari wa asilimia tisini. Dhamira ilisema tutafika popote tunapotumwa. Maadili yalikuwa matatu: ukweli, nidhamu, na kumjali askari. Yote yalikuwa mazuri, na yaliishi pamoja kwa amani hadi Jumatatu moja, jenerali alipotangaza kwamba Alhamisi atapita kuchagua kikosi cha kupeleka chakula na dawa kwenye kambi ya mlimani. Kila mtu alijua kuwa mkuu atakayechaguliwa atapanda cheo.

Jumanne asubuhi Bango aliniita ofisini. Fomu ya utayari ilikuwa mezani.

"Sajini, hapa umeandika tano."

"Ndiyo, Afande."

"Andika kumi na moja."

Nilimuuliza kama yameletwa mengine.

"Usinifanyie mzaha. Kumi na moja kwa kumi na mawili ni asilimia tisini na kitu. Ndiyo dira yetu."

"Na ukweli, Afande? Uko ukutani hapo nyuma yako."

Hakugeuka. "Dira ni kule tunakokwenda. Wewe andika kama tumeshafika."

Lori namba saba huendeshwa na mdogo wangu. Nyumbani ananiita dada na kunibishia kila kitu. Kazini ananiita afande na kunibishia kwa adabu. Ana watoto watatu. Fomu ile ikisema kumi na moja, ni yeye atakayeteremka mlimani na namba saba, na askari ishirini nyuma yake. Niliogopa. Niliogopa kwa ajili yake kwanza, na wale ishirini wakafuata, nami sitaki kujifanya kwamba ilikuwa kinyume.

"Siwezi, Afande."

"Basi naandika mwenyewe." Akaikata tano yangu, akaandika kumi na moja, akatia saini ndefu yenye mkia.

Sasa, karakana yetu ina desturi niliyoikuta kwa sajini aliyenifundisha kazi. Anayetia saini kwamba gari ni zima hulipanda yeye kwanza. Nyuma ya karakana kuna mteremko, na chini ya mteremko kuna lundo la mchanga. Hakuna fundi aliyewahi kutia chumvi kwenye fomu mara mbili.

Nilimweleza hayo, nikasimama wima kusubiri kutiwa mahabusu. Lakini mlango ulikuwa wazi, na karani wa kikosi nje alikuwa ameacha kuchapa. Bango aliutazama mlango, akalitazama neno nidhamu aliloliandikisha yeye mwenyewe, akachukua kofia.

Mdogo wangu alitaka kuendesha. Nikamwambia ashuke. Akasema, "Kwa heshima zote, Afande, hili ni gari langu." Nikamwambia kwa heshima zote nitamwambia mama. Akashuka.

Bango akakaa pembeni yangu, mgongo umenyooka kama yuko gwarideni. Nikaondoa mawe magurudumuni, nikapanda, tukaanza kuteremka. Nilikanyaga breki mara ya kwanza ili aone. Nikaikanyaga ya pili, na ya tatu. Pedali ilikwenda hadi chini na kubaki huko.

"Hii ni kawaida?" aliuliza.

"Kwa namba saba, ndiyo, Afande."

Mkono wake ulishika dashibodi, kisha mlango, kisha bega langu, jambo ambalo halimo kwenye kanuni. Tuliingia mchangani hadi taa zikafukiwa. Kofia yake ilitangulia kwenye kioo.

"Mlimani nako kuna mchanga?"

"Hapana, Afande. Kuna mto."

Aliitoa fomu mfukoni, akaiweka juu ya goti, akaandika upya tano.

Alhamisi jenerali aliisoma, akamtazama Bango kama mtu aliyekuja kazini na ndara. Kikosi jirani kilikuwa kimeandika kumi na mawili kwa kumi na mawili. Kazi ikaenda kwa jirani, na cheo kikaifuata. Bango akapiga saluti, akarudi ofisini, na kwa siku nane hakusema nami isipokuwa kwa karatasi. Nilimhurumia, nikajilaumu, kisha nikamtazama mdogo wangu akila na nikaacha kujilaumu. Ila naye alianza kuchelewa chakula cha mchana. Nikimuuliza alikuwa wapi, anasema ni amri, na anafumba mdomo kwa furaha ya mtu aliyepata cha kumnyima dada yake.

Siku ya tisa asubuhi nilikuwa ofisini kupeleka orodha ya vipuri, simu ikalia. Sauti ya jenerali ilisikika hadi niliposimama. Malori ya jirani yalikuwa yamekwama njiani, saba kati ya kumi na mawili. Moja liko mtoni. Askari wanne wamevunjika miguu, na kambini dawa hazijafika.

"Wewe una mangapi?"

"Matano, Afande."

"Matano ya kwenye karatasi?"

Nilidhani Bango atanitazama mimi. Hakunitazama. Alifungua mtoto wa meza, akatoa fomu tano, moja kwa kila lori, kila moja na saini ile yenye mkia na tarehe za siku nane zilizopita, saa saba mchana. Ya chini kabisa ilikuwa na doa la mchuzi, na doa hilo nililijua: ni la mdogo wangu.

"Ya kupanda, Afande. Nimeyapanda yote."

Akakata simu, akasimama, akavaa kofia. Nilitaka kumwambia kitu, nikapiga saluti badala yake. Nusu saa baadaye malori yalikuwa yamejipanga getini chini ya dira, mdogo wangu kwenye la kwanza, Bango pembeni yake. Karani akaja mbio na kitabu cha getini.

"Sajini," Bango aliniita kutoka dirishani, "mwandikie tano."

"Ndiyo, Afande," nikasema, nikaandika, nikatia saini. Kisha nikapanda la mwisho.