Ubao Uliojua Majina

Kalista alikuwa anachambua mchele jikoni, akiwa ameegemeza goti kwenye ubao wa simu usianguke, wakati mumewe Shija akikaza waya darini. Ubao ule ulikuwa wa kampuni ya tumbaku kule Chunya. Kampuni ilipofungasha virago, Shija, aliyekuwa fundi wao, aliruhusiwa kuuchukua pamoja na simu chakavu za kukoroga kwa mkono. Waya aliupitisha juu ya seng'enge za mazizi, nyumba hadi nyumba, ili ukoo wao, uliohamishwa na serikali na kubwagwa kwenye kijiji kipya, kando ya barabara kuu ya Mbeya na Iringa, usikilizane bila kukanyagana juani. Mtu akikoroga, Kalista anapokea, anachomeka waya kwenye tundu la nyumba inayotakiwa.

Kila nyumba ilipewa namba. Namba zikawashinda. Nani anakumbuka namba ya shemeji yake? Watu walikoroga na kusema tu, "Nipe kwa Maganga," au "Nipe kwa Tekla." Basi Kalista akaufundisha ubao majina. Aliinama kwenye kila tundu akalitaja jina la mwenye nyumba, taratibu, kama mtu anayemzoesha ng'ombe mgeni. Haukupita muda, ubao ukawa unachomeka waya wenyewe. Kalista akarudi kwenye mchele wake, maana kazi ilikuwa imepungua.

Jina moja hakulitamka: la baba mkwe. Kwa watu wa kwao, mke wa mtoto halitamki jina hilo hata akimwona mzee anataka kukanyaga nyoka. Tena mzee mwenyewe hakuwapo. Siku ya kuhamishwa alikuwa hoi kwa homa, amelala kitandani kule Usangu. Wanamgambo walisema wagonjwa watafuatwa na lori la pili. Shija akapanda la kwanza na mkewe na binti yao Marta, kwa kuwa aliamriwa. Hawajavuka hata mto, nyumba zikatiwa moto. Lori la pili halikuja. Shija alipoomba kibali cha kurudi japo akazike, ofisi ilimjibu kwamba kule hakukubaki mtu, wote walihama. Watu wazima, wenye mama zao, waliandika hivyo na kugonga muhuri.

Kumbe mzee alikuwa amegawiwa hata kiwanja pale kijiji kipya, karibu na kisima, na shamba la kulima. Magugu yakaota. Kwenye mkutano wa kijiji wakalisoma jina lake miongoni mwa wavivu. Kalista alitoka pale kwa hasira. Alifika jikoni, akanyanyua simu akasema, "Nipe babu yake Marta."

Waya ukatafuta tundu, ukazama kwenye mbao tupu, pasipo na tundu.

"Nani mwenzangu?" mzee akauliza. Nyuma yake moto ulikuwa unatafuna nyasi za paa.

"Mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Hilo lori limefika wapi?"

Kalista akasema atauliza.

Alimfuata Bwana Edmund, katibu tarafa, mwenye mamlaka ya kutoa kibali na lori. Akaja, akavua kofia, akashika simu. Shija alikuwa mlangoni anakaza skrubu ambayo haikulegea. Tangu ubao uanze kumpata baba yake, hakuwa amesema naye neno.

"Mzee, wewe unaishi hapa kijijini," Edmund alisema. "Kiwanja chako kiko kisimani."

"Niko kitandani kwangu. Paa linaungua, ila kitanda kipo."

Edmund akaziba simu kwa kiganja. "Huyu nani?"

"Baba mkwe wangu," Kalista akajibu.

"Jina?"

Kalista akamtazama mumewe. Shija akazidi kuikaza skrubu.

"Mama, mtu asiye na jina nitamwagizia lori vipi?"

 Mila ile Kalista alilelewa nayo, na sasa anavuliwa jikoni kwake na mtu aliyekuja na kofia. Akalitamka. "Nkuba," alisema. "Nkuba mwana wa Ndalahwa."

Waya zote zikachomoka, zikazama pamoja pale penye mbao tupu, na simu za nyumba zote zikalia. 

"Umelitaja, mwanangu," mzee akasema. "Basi hali ni mbaya. Sina neno nawe. Waambie waje."

"Jina hili nalifahamu," Edmund alisema akivaa kofia. "Huyu alishahama. Ndiye yule asiyelima." Kisha akauliza kibali cha kutandika waya wa simu kiko wapi. Hakikuwapo. Jioni ileile wanamgambo walikata waya wote, wakaukunja na kwenda kuzungushia ofisi.

Simu iliendelea kulia bila waya. Kila jua likizama mzee alipiga, na Kalista alipokea huku anasonga ugali, akimwita baba Nkuba, kwa kuwa aibu ile si yeye aliyeianza. Shija sasa alikuwa akija kusimama karibu, akisikiliza.

Baada ya mkutano uliofuata mzee aliuliza, "Wamesemaje leo?"

"Wamekusoma tena, baba Nkuba. Wanasema hulimi."

Nyasi za paa ziliendelea kuungua kule.

"Waambie walete lori," mzee akasema. "Nitalima."